Mashavu ya Luka

Watu hununua kwa macho kabla hawajanunua kwa mdomo, na pale kwenye makarasha, mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu nje kidogo ya Buseresere, macho yote yalikuwa kwenye mashavu ya Luka. Vumilia hakuwa na kibao wala mwavuli wa tangazo. Alikuwa na ndoo mbili zenye mifuniko, vikombe sita vya plastiki, na mtoto wa miezi kumi na moja mgongoni. Akifika saa mbili asubuhi alishusha ndoo karibu na banda la mama lishe, halafu akamzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi ubavuni, uso uonekane. Hapo biashara ilikuwa imefunguliwa.

Wasaga mawe walitoka kwenye vumbi weupe kama watu waliopakwa unga. Kila mwanaapolo, yaani kibarua wa dhahabu, anajua, au anaamini, kwamba vumbi la mwamba huoshwa na maziwa, na asiyekunywa linamgandia kifuani. Miaka iliyopita walikunywa ya ng'ombe. Lakini kiangazi kilikaa vibaya kuanzia Shinyanga mpaka huku, ng'ombe wakabaki mbavu, kikombe cha maziwa kikafika elfu moja. Cha Vumilia kilikuwa mia tano, tena cha moto.

"Mama Luka," aliita Chacha, mtu wa Tarime aliyekuwa akilisha mawe kwenye karasha la tatu. "Ng'ombe wako ameamkaje?"

"Mzima, shemeji. Lete mia tano."

"Mimi mura wa Kikurya nimekuzwa na maziwa ya kitu chenye pembe. Leo nazeeka nanyweshwa maziwa ya maharage."

"Soya siyo maharage."

"Basi ni shemeji yake maharage."

Wenzake wakacheka mpaka vumbi likawatoka kwenye kope. Mmoja akamsukuma kwa kiwiko. "Kunywa, bwana. Mtazame huyo mtoto. Anakunywa hayo hayo. Wewe umemzidi nini, zaidi ya ndevu?"

Chacha akamtazama Luka, akakuta mashavu yamejaa, mikono minene, miguu imetuna mpaka vidole havionekani vizuri. Akatoa sarafu.

Mwaka mmoja nyuma walikuwa wanawake wawili tu waliotoka kwenye semina ya kikundi na ujuzi huo wa soya, mmoja wao Vumilia. Sasa ukishuka stendi hutembei hatua ishirini hujakutana na mtu wa maziwa ya soya, ya karanga, au ya ufuta. Hata madukani yalianza kuonekana maboksi kutoka Mwanza, maziwa ya nafaka sijui ya lozi, bei yake waliiweza walimu na watu wa ofisini. Wauzaji walikuwa wengi, lakini mwenye mtoto kama Luka alikuwa mmoja.

Mama lishe mwenye banda aliitwa Sesilia. Naye alikuwa na mtoto, Ritha, wa miezi tisa, aliyekuwa akilazwa kwenye beseni pana chini ya meza, mbali na moto. Sesilia alisimama kwenye jiko tangu alfajiri mpaka jioni, na ziwa lake lilikuwa limeanza kukauka.

"Mama Luka, niambie ukweli wa Mungu," alisema siku moja, akifuta mikono kwenye kanga. "Huyu unampa haya haya tunayouziwa sisi?"

"Haya haya, Mama Ritha."

"Hakuna kingine cha siri?"

"Uji mara moja moja. Lakini haya ndiyo anayapenda."

Hakusema uongo hata neno moja. Sesilia akachukua chupa ya lita moja siku hiyo, na siku iliyofuata, na kila siku baada ya hapo. Mwezi haujaisha, wanawake wengine wanne walikuwa wanaleta chupa zao kwa ajili ya watoto, na kila mmoja kabla ya kulipa alimfinya Luka shavu kidogo, kama mtu anayepima nyanya.

Ambacho Vumilia hakukisema ni kwa nini mtoto wa miezi minane aliachishwa ziwa.

Alikuwa na mimba. Aliigundua Luka akiwa ndio kwanza ameota meno mawili. Alimwambia mumewe, Mihayo, na Mihayo akampigia mama yake huko Samuye, kwa kuwa mambo ya namna hiyo kijana wa Kisukuma hayaamui peke yake. Mama yake hakuzunguka. "Amwachishe leo. Maziwa ya mwenye mimba ni ya aliyeko tumboni. Akimnyonyesha huyu mkubwa atamharibu, na watu watasema mmembemenda."

Neno hilo ndilo lililomtisha Vumilia kuliko mengine yote. Mtoto akikonda, akiwa na kichwa kikubwa na miguu ya njiti, wanawake hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa, wazazi wake walishindwa kuvumilia, wakarudia kitanda angali ananyonya. Na anayetazamwa ni mama. Baba anapita zake.

Basi akapaka shubiri kwenye chuchu, akageukia ukuta, akamsikiliza mwanawe akilia siku tatu. Siku ya nne Luka akanyamaza, akanywa soya.

Siku za kwanza maziwa yalikuwa maziwa. Aliyatengeneza kama alivyofundishwa: soya inalowekwa, inasuguliwa maganda yatoke, inasagwa, inachujwa kwa kitambaa, inachemshwa mpaka povu lishuke na ile harufu ya ubichi iishe. Kilo moja inatoa lita nane. Halafu walanguzi wakaifuata soya huko huko mashambani. Kilo ikapanda kutoka elfu tatu mpaka elfu nne na mia tano, na wanaapolo hawakutaka kusikia habari ya kikombe cha mia saba.

"Ongeza maji kidogo," alisema Mihayo.

Akaongeza. Lita nane zikawa kumi na mbili. Yakawa mepesi, wateja wakanuna, akatia kiganja cha unga wa muhogo yashike. Yakapoteza utamu, akatia sukari. Yakapoteza harufu, akatia vanila. Kilo moja ikafika lita ishirini, nyeupe, nzito, tamu kuliko zile za semina, na Chacha mwenyewe akasema siku hizi ng'ombe wako ametulia. Vumilia hakuona kwamba anamwibia mtu. Alijiona mjanja kidogo, kama mtu anayegeuza nguo ya zamani ikavaliwa tena.

Luka akanywa hayo hayo vikombe vinne kwa siku, na akanona. Akawa mpole. Hakulia wala hakusumbua, alikaa mgongoni kama mzigo uliofungwa vizuri. Nywele zake zikaanza kuwa za rangi ya kahawia, laini, na wanawake wakacheka: "Mama Luka, huyu ulimtoa mgodini kwa wazungu?" Vumilia alicheka nao. Akatembea nalo hilo jambo siku nzima, likimuwasha mahali asipopafikia.

Kliniki hakwenda. Pale unakaa kwenye benchi na wenzako thelathini, mtoto anatundikwa kwenye mizani, nesi anasoma kwa sauti, halafu anauliza bado ananyonya, halafu anauliza hedhi yako ya mwisho lini. Watu wote wanasikia. Akasema mwezi huu nitapita. Akasema hivyo mara tatu.

"Mtoto ana afya kama hii unampeleka wapi?" alisema Mihayo. "Kwani kliniki wanapima nini ambacho sisi hatukioni?"

*

Mama mkwe alikuja Jumamosi mchana, amebeba kuku wa kienyeji kwenye kikapu na chupa ya samli iliyofungwa kwa gunzi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye miguu ya mtu aliyetembea nyuma ya ng'ombe maisha yake yote. Vumilia akapiga goti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi nimwone huyo mnayemtuma kwenye simu?"

Mihayo alikuwa amemtumia ndugu mmoja picha, na ndugu akamwonyesha. Vumilia akamweka Luka mapajani kwa bibi yake, akakaa pembeni akisubiri sifa.

Sifa haikuja. Bibi alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye nywele, nywele tatu nne zikabaki kwenye kidole. Akamtikisia hereni zake. Luka akazitazama, akafumba macho.

"Halii?"

"Ni mpole, mayu."

"Mtoto wa umri huu, bibi asiyemjua amemchukua, halii, havuti hereni." Akamgeuza, akainua gauni, akatazama ngozi ya mapaja iliyokuwa imeanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. "Huo siyo upole."

"Ni joto la huku," akasema Mihayo. "Si unaona alivyonona."

Mama yake akamgeukia. "Wewe umechunga miaka mingapi?"

"Mama, hayo ya kuchunga yanaingiaje?"

"Kiangazi, nyasi hakuna, ndama wote wamebaki mgongo. Mmoja anakuja jioni, taya limejaa, limening'inia. Baba yako akikuona unamshangilia kwamba amenona, angekufanya nini?"

Mihayo akajikuna kisogo.

"Sema. Angekufanya nini?"

"Angenichapa."

"Kwa sababu huyo ndama wiki ijayo unamchuna ngozi."

Akaushika mguu wa Luka, akaweka kidole gumba juu yake, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Shimo likabaki. Wote watatu walilitazama likibaki pale, la ukubwa wa punje ya hindi, halina haraka ya kujaa.

"Mmembemenda," akasema bibi, sasa sauti imeshuka. "Jumatatu naondoka naye Samuye. Kuna mzee ana dawa."

"Mayu, wewe ndiye uliyesema nimwachishe."

"Nilisema umwachishe. Sikusema umpe maji ya maharage."

"Ningempa nini? Maziwa ya ng'ombe ningeyatoa wapi?"

Bibi akaitazama chupa yake ya samli. Ng'ombe wake kumi na wanne walikuwa wamebaki watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akikamuliwa. Kuku alijitikisa ndani ya kikapu. Vumilia akanyoosha mikono, akamchukua mwanawe mapajani kwa mama mkwe bila kuomba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Jumatatu ni mbali," alisema.

Akatoka hivyo hivyo, na kandambili, na kanga ya jikoni. Mihayo akamfuata, ameshika chupa ya maziwa ya mtoto kwa kuwa hakujua ashike nini.

*

Nesi wa zamu kwenye kituo cha afya aliitwa Bernadina. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, akazalisha wawili, na wa tatu alikuwa analia ndani. Hakumpigia Vumilia kelele. Alibonyeza mguu wa Luka kama bibi alivyobonyeza, na mguu wa pili, halafu akazungusha utepe kwenye mkono.

"Alizaliwa na kilo ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Sasa hivi mizani itakudanganya, kwa hiyo tusiisikilize. Huyu amejaa maji. Ni utapiamlo mkali. Bado ananyonya?"

Benchi la nje lilikuwa limejaa na mlango uko wazi. Vumilia akasema kwa sauti ya chini, "Hapana."

"Kwa nini?"

"Nina ujauzito."

"Nani alikwambia mwenye ujauzito hanyonyeshi?" Nesi hakungoja jibu, alikuwa ameshalisikia mara nyingi. "Unanyonyesha, dada. Unakula vizuri na unanyonyesha, maziwa hayaharibiki kwa kuwa una mimba. Ukiwa na shida unakuja tunaongea. Anakula nini?"

Mihayo akaisogeza ile chupa mezani. Nesi akaifungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akakitikisa. Yalishikilia ukingo kama gundi.

"Hii ni nini?"

"Maziwa ya soya," akasema Vumilia.

"Soya naijua. Mimi mwenyewe naipenda. Soya ikitengenezwa vizuri mtu mzima anakunywa, mtoto anayekula vyakula vingine anawekewa kwenye uji. Lakini siyo ya kumlea mtoto mchanga badala ya ziwa. Na hii siyo soya. Umetia nini?"

"Unga. Kidogo. Na sukari."

"Unga gani?"

"Wa muhogo."

Nesi akafunga chupa. Alionekana kama mtu anayetaka kukaa chini na hana kiti. "Mnamjaza mtoto tumbo, anashiba, analala, mnasema amenona. Mwili hauna cha kujengea. Nitakuandikia rufaa sasa hivi, mwende Geita leo leo." Akaanza kuandika, kisha akainua kalamu. "Unayauza haya?"

"Kwa wanaapolo."

"Kuna yeyote anayempa mtoto?"

Mihayo alitazama sakafu. Vumilia aliwaona akilini Sesilia na wale wanne na chupa zao, akaona pango la nyumba, akaona mimba, akaona benchi zima la nje limetega sikio.

"Hakuna," alisema.

*

Wodini Luka alipewa maziwa ya dawa, kikombe kidogo kwa kipimo, kila baada ya saa tatu. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika isipokuwa mkojo. Alikojoa mpaka Vumilia akaishiwa vitambaa. Na kadiri alivyokojoa, ndivyo yale mashavu yalivyoondoka. Siku ya saba uso uliobaki ulikuwa wa kizee kidogo chenye macho makubwa, ngozi imekunjamana matakoni kama suruali ya mtu mwingine.

"Anakwisha," Vumilia alimwambia mwanamke wa kitanda cha jirani, mama mmoja wa Nyarugusu aliyekuwa pale wiki ya tatu na mapacha. "Tumemleta mzima, anakwisha."

Yule mama alikuwa anakunja nepi. Hakuacha. "Huyu ndiye mwanao, mwenzangu. Yule mwingine alikuwa maji."

Siku ya kumi Luka alilia. Kikombe kilichelewa, akalia kwa hasira, kwa sauti ya kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Vumilia akaangua kilio naye, wauguzi wakaja mbio wakidhani amefariki.

Siku ya kumi na mbili, mchana, simu ikaita. Ilikuwa Sesilia.

"Mama Luka, umetutupa. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Ana nini hasa?"

"Malaria," akasema Vumilia.

"Pole jamani. Ila harakisha urudi. Nimenunua kwa wale wa stendi, Ritha anayatema, mepesi, hayana utamu. Nimejaribu kutengeneza mwenyewe, nimetia unga kidogo na sukari, yakakubali. Siku hizi ungemwona, mashavu yamekuja kama ya Luka. Mpole huyo, anakaa kwenye beseni kutwa, nauza wali wangu kwa amani."

Vumilia alisimama katikati ya wodi.

"Upo?" aliuliza Sesilia.

"Mpeleke kituo cha afya, Mama Ritha."

"Akafanye nini? Chanjo amemaliza."

"Mpeleke tu."

"Haya, nikipata nafasi. Salimia mgonjwa."

Simu ikakatika. Vumilia angeweza kupiga tena. Alishika simu mpaka kioo kikazima, akakiwasha, kikazima. Kumwambia Sesilia ni kuambia karasha zima, na kuambia karasha zima ni kula nini mwezi ujao? Alimpigia Mihayo badala yake.

"Tusubiri tutoke," akasema Mihayo. "Siku mbili si nyingi."

"Kwa Luka zingekuwa nyingi."

Nyuma ya Mihayo zilisikika kelele za karasha alikofanyia kibarua. "Basi ukitoka tu nenda ukaseme mwenyewe, mimi nitasimama na wewe. Kwa simu hawatakuamini. Hata mimi nisingeamini."

*

Waliruhusiwa siku ya kumi na nne, na pakiti za lishe za kuendelea nazo na tarehe ya kurudi. Nyumbani hawakupita. Vumilia alishuka stendi ya Buseresere akaelekea makarasha, Luka mgongoni, na Mihayo akawakuta njiani akiwa na nguo za kazi.

"Ndoo iko wapi?" aliuliza Chacha.

"Hakuna ndoo."

Sesilia alikuwa anapakua. Alipomwona Luka, mwiko ukabaki hewani. "Jamani, malaria! Imemla mtoto wote. Au ni hao wa hospitali wamekukondeshea?" Akainama chini ya meza, akamtoa Ritha kwenye beseni, akamweka begani kwa fahari ambayo Vumilia aliifahamu. "Mtazame mwenzio sasa, Luka. Alikuwa anakufuata wewe, leo amekupita."

Ritha alitazama mbele bila kutazama kitu. Miguu yake ilikuwa imetuna. Juu ya kisigino uzi wa shanga aliovalishwa alipozaliwa ulikuwa umezama kwenye nyama.

"Mama Ritha, hajanona," akasema Vumilia. "Amevimba."

Watu wakasita kutafuna. Mmoja wa wale wanawake wa chupa, aliyekuja kununua vitumbua, akacheka kwa pua. "Wa kwako amekonda, sasa wa wenzako wamevimba. Makubwa haya."

"Luka naye alikuwa amevimba. Wote mlimwona. Yale mashavu yalikuwa maji. Hakuwa na malaria, nilikudanganya. Ni utapiamlo."

"Mtoto anayeshiba maziwa kila siku anapataje utapiamlo?" akauliza Sesilia. Hakuwa amekasirika bado. Aliuliza kama mtu anayetaka hesabu irudiwe.

Vumilia alifungua kanga, akamtoa Luka mgongoni, akamvua fulana mbele za watu. Mbavu zikaonekana zote. Alikuwa amelipanga neno la kuanzia tangu Geita, na sasa halikuwepo.

"Hayakuwa maziwa," alisema. "Kilo moja nilikuwa natoa lita ishirini. Natia unga wa muhogo na sukari. Nimewauzia ninyi na nimempa mwanangu. Na nilimwachisha ziwa kwa sababu nina mimba, ya miezi mitano hii. Niliogopa kliniki. Niliogopa mtasema amebemendwa."

"Si amebemendwa kweli," akasema mtu nyuma, bila kuficha sana sauti.

Neno lilikuwa limetamkwa. Vumilia alilisikia likipita, akajikuta bado amesimama, na Luka mikononi anachezea ukosi wake.

"Kwa hiyo sisi tumekunywa ugali," akasema kijana mmoja. "Mia tano mia tano, miezi mitatu. Nani anarudisha?"

"Nitarudisha mimi," akasema Mihayo, ingawa hakuna aliyejua kwa nini alisema hivyo, wala yeye.

Chacha aliweka sahani chini. "Wewe nyamaza," alimwambia yule kijana. "Kifua chako kitajijua. Mtazame mtoto."

Sesilia alikuwa amekwisha kukaa. Aliupakata mguu wa Ritha, na bila kufundishwa na mtu, kwa sababu uzi wa shanga ulikuwa umeshamwambia, akaubonyeza kwa kidole. Halafu akafunika miguu yote miwili na kanga haraka, kana kwamba mtoto yuko uchi mbele za wakwe. Akasimama. Hakuzima moto, hakufunika sufuria. Alipita katikati ya wateja wake, akafika barabarani, akainua mkono kusimamisha bodaboda.

"Mama Ritha, twende wote," akasema Vumilia nyuma yake.

Sesilia alipanda pikipiki bila kugeuka. Vumilia na Mihayo wakachukua nyingine. Wale wanawake wa chupa walibaki wamesimama, na mmoja, yule wa vitumbua, alikuwa tayari anapiga simu nyumbani kuuliza mtoto amelala au ameamka.

Kituoni walikaa benchi moja. Sesilia aliupa ukuta uso. Kila Vumilia alipofungua mdomo, alimwona akilikaza bega, akaufunga. Karibu saa nzima walikaa hivyo, watoto wawili kati yao, mmoja mnono na mmoja mkondefu, na watu wa foleni walikuwa wakimpa pole mama wa yule mkondefu.

Nesi Bernadina alitoka na daftari, akaita jina la Ritha. Alimwona Sesilia, akaona miguu ya mtoto, halafu akamwona Vumilia pembeni yake, akaikumbuka ile 'Hakuna' yake. Alivuta kiti pale pale mlangoni.

"Mtoto anakula nini?"

Sesilia akamwonyesha Vumilia kwa kidevu, kwa mara ya kwanza tangu watoke karasha.

"Muulize huyu. Mimi nilikuwa nalisha nisichokijua."

Mazungumzo ya benchini yakafifia. Nesi aligeuza ukurasa mpya, akangoja na kalamu. Vumilia akasimama, akamweka Luka begani, akaanza kutaja kwa sauti ya kusikika mpaka nje, akianza na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mengi.